Kibaba kilichojaa mapema: kisa cha kupima risasi katika maji ya visima, Mombasa

Majina ya watu, mtaa na maabara yameondolewa, na nambari za visima zimepangwa upya. Vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari letu, pamoja na vile vya aibu.

Usuli

Mtaa wenyewe uko upande wa bara, magharibi ya kisiwa, ukishavuka Makupa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina kalenda. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Bomba refu namna hiyo likipasuka mahali, mji huishi kwa mitungi na mikokoteni. Kwa hiyo watu huchimba visima. Maji yake yana chumvi kidogo, na wengi huyatumia kufulia na kuoshea vyombo. Mfereji ukikauka wiki mbili, huyanywa.

Kamati ya maji ya mtaa ilitujia na swali moja tu: mna risasi ndani, ile metali ya betri, au hamna? Swali halikuzuka hewani. Hakuna mtu Mombasa asiyejua habari ya Owino Uhuru, kijiji kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kesi ya sumu ya risasi ambayo mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa mjini iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mtaa wa kisa hiki si ule. Lakini mama akisikia habari kama hiyo, halafu akamtazama mwanawe akinywa maji ya kisima, halali.

Kiwango cha juu cha risasi katika maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na pia kwa kiwango cha Afrika Mashariki tunachofuata Kenya, ni mikrogramu 10 kwa lita. Ukitaka kuiona kwa macho, fikiria gramu moja ya risasi iliyoyeyushwa katika malori kumi ya maji, kila lori lita elfu kumi. Haionekani, haina ladha, wala haina harufu.

Sisi tulikuwa watatu katika chumba kimoja na nusu: mimi, fundi wa maabara ambaye ni kijana mwenye mikono mizuri sana, na binti mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi. Mashine kubwa ya plazma inayopima metali kwa uzito wa atomu hatukuwa nayo. Kupeleka sampuli zote Nairobi kungeimaliza pesa ya kamati kwa mkupuo mmoja. Tulichokuwa nacho ni potenshiostati ya mkononi, yaani kifaa cha kushikilia volti na kusoma mkondo, pakiti ya tando za polikaboneti, ambayo ni plastiki, na kiburi kidogo.

Kifaa chenyewe

Voltametri si jambo la ajabu. Unatumbukiza elektrodi majini, unabadilisha volti polepole, na unasoma mkondo unaopita. Kila kitu kina volti yake ya kutoa au kupokea elektroni, na mkondo ukipanda na kushuka kama kichuguu, hapo pana kitu. Ukubwa wa kichuguu hukwambia ni kiasi gani.

Kwa risasi tulitumia njia ya kuweka na kuvua. Kwanza unaishikilia elektrodi ya dhahabu kwenye volti hasi, kwetu −0.45 dhidi ya elektrodi rejea, yaani ile ya kulinganishia volti, ya fedha na kloridi ya fedha, huku maji yanakorogwa. Ayoni za risasi zinakuja zinajibandika juu ya dhahabu kama metali. Ukishasubiri muda uliojipangia, unapandisha volti, risasi inabanduka kwa pamoja karibu na −0.2, na kichuguu kinachotoka ni kikubwa kuliko ambacho ungekipata bila kusubiri. Ni kama kuweka akiba halafu kuitoa yote siku moja.

Dhahabu ina tabia yake: tabaka la kwanza la risasi hujibandika juu yake kwa urahisi kuliko risasi inavyojibandika juu ya risasi mwenzake. Kwa volti ile tuliyochagua, na kwa maji yenye risasi ya kuhesabiwa kwa mikrogramu, ni tabaka moja tu la atomu linaloweza kukaa. La pili lingehitaji risasi ya kuhesabiwa kwa miligramu. Hayo niliyajua. Niliyafundisha.

Sasa nanoelektrodi. Unachukua utando wa polikaboneti uliotobolewa vitundu vya upana wa nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), milioni 600 hivi katika kila sentimita mraba, na unavijaza dhahabu. Kinachobaki juu ni uso wa plastiki wenye ncha za dhahabu zisizohesabika, kila ncha mbali na mwenzake kwa nanomita 400 hivi. Ukipiga hesabu, dhahabu ni asilimia 0.42 tu ya uso wote. Njia ya kuzitengeneza bila umeme, kwa kemikali peke yake, ilielezwa mwaka 1995 na Menon na Martin wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, nao walionyesha kwamba kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuonekana, kinaweza kushuka hata mara elfu moja ukilinganisha na elektrodi ya kawaida ya dhahabu.

Siri iko hapa. Kila ncha huvuta vitu vilivyo majini karibu nayo. Kwa kuwa ncha zimekaribiana, maeneo yao ya mvuto huungana kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha, na baada ya hapo kundi zima huvua kama sahani moja kubwa. Lakini kelele, yaani ule mkondo unaoingia kuuchaji uso wa metali hata kama hamna chochote majini, hutoka kwenye dhahabu peke yake. Uvuvi wa sahani nzima, kelele ya asilimia 0.42. Kelele hupungua kama mara 240 na samaki ni wale wale. Ukilisikia jambo hilo mara ya kwanza, unadhani unaibiwa.

Barafu ya nguru

Kuzitengeneza kulikula wiki mbili. Utando huoshwa, hupakwa chumvi ya bati, kisha fedha, kisha hutiwa katika bafu la dhahabu lenye fomaldehaidi na pH ya 10, nyuzi sufuri, saa 24. Atomu za dhahabu huzifukuza zile za fedha na kukaa mahali pake. Ukiruhusu bafu lipate joto, dhahabu hukimbilia juu na kuziba midomo ya vitundu kabla ndani hakujajaa. Nyuzi sufuri kwa saa 24 mjini Mombasa ni maombi. Umeme ulikatika saa nne usiku, na kijana akapanda tuktuk hadi kwa wauza samaki, akarudi na gunia la barafu linalonuka nguru. Bafu lile ndilo lililotupa elektrodi bora kuliko zote.

Baadaye dhahabu ya juu hubanduliwa kwa gundi ya karatasi, utando hukatwa vipande, kila kipande hufunikwa ili uso wa duara wa milimita 3 tu ubaki wazi, na vyote huingizwa katika tanuri nyuzi 150 kwa dakika 15 ili plastiki ijikaze na kuzibana nyuzi za dhahabu. Isipojikaza vizuri, maji hupenya pembeni, uso wa dhahabu unaoloa huongezeka, na kelele uliyoifukuza mlangoni hurudi dirishani. Kati ya vipande kumi tulipata sita vya kutumainiwa.

Kila kimoja tulikipima kwanza kwa mmumunyo wa msombo wa ferosini, kitu kinachotoa elektroni haraka bila kujibandika popote. Kichuguu kilitoka sawasawa na cha sahani ngumu ya dhahabu ya milimita 3. Tukapeana mikono. Kundi lilikuwa linafanya kazi kama sahani nzima, na kelele ilikuwa chini kabisa. Kipimo hicho kilikuwa sahihi, na ndicho kilichotupotosha. Nitakirudia.

Siku za kupima

Sampuli za kwanza zilitupwa. Zilikuja kwenye chupa za soda, bila asidi, na risasi hupenda kujishikiza kwenye kuta za plastiki kiasi kwamba kesho yake maji yanaonekana masafi kuliko yalivyo. Za pili zilichukuliwa kwa chupa zilizolowekwa asidi ya nitriki, na asidi ikatiwa pale pale kisimani hadi pH ikashuka chini ya 2. Visima kumi na vinne, mwishoni mwa kaskazi, maji yakiwa chini.

Kwa grafu ya kulinganishia tulitumia mimumunyo sanifu ya mikrogramu 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0 kwa lita, na muda wa kuweka risasi ulikuwa sekunde 180. Mnaweza kuuliza kwa nini tuliishia 1.0 wakati kikomo cha sheria ni 10. Jibu la daftari ni kwamba mimumunyo hiyo ilikuwepo tayari kutoka kazi ya awali. Jibu la kweli ni kwamba tulikuwa na kifaa kinachoona vitu vidogo, na tulitaka kuonyesha kinaona vidogo kiasi gani. Na sekunde 180? Ndizo tulizokuwa tukitumia kwenye sahani ya kawaida ya dhahabu miaka yote. Hakuna aliyezihoji.

Mstari ulitoka umenyooka hadi ukatamani kuutundika ukutani. Maji matupu yenye asidi yalisoma 0.05. Visima vyote kumi na vinne vilisoma kati ya 1.4 na 1.7.

Usomaji wote ulikuwa nje ya grafu, juu ya kipimo chetu cha mwisho. Nililiona hilo. Nikaurefusha mstari kwa rula, nikajiambia kwamba kutoka 1.0 hadi 1.7 si safari, na kwamba hata tukikosea mara mbili bado tuko mbali na 10. Kijana alipendekeza tufanye walau visima vitatu kwa njia ya kuongeza: unapima sampuli, unaongeza kiasi kinachojulikana cha risasi ndani yake, unapima tena, uone kichuguu kimepanda kiasi gani. Nikamwambia hatuna muda. Elektrodi mbili zilikuwa zimeshakufa, kamati ilikuwa imefunga visima vyote tangu Jumatatu, watu wananunua mitungi, na simu yangu haikunyamaza.

Alhamisi nikatia saini barua: visima vyote viko chini ya kiwango, maji hayana tatizo la risasi.

Simu ya mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ni mama mtu mzima, mkunga mstaafu. Alinipigia Ijumaa baada ya sala.

"Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Kisima cha msikitini maji yake matamu. Cha kwa mzee wa mashua yana chumvi, chai haishikiki. Kimoja kiko juu, kingine bondeni. Vipi risasi peke yake iwe sawa kote? Au mmepima maji yenu wenyewe?"

Nilimjibu kwa sauti ile ya mtu aliyesoma. Mama, nikasema, risasi kidogo hutoka ardhini pia, na ardhi yenu ni moja, basi si ajabu.

"Haya," akasema.

Aliyelelewa pwani anajua "haya" ya namna hiyo si kukubali.

Maneno yake yalinikaa mpaka Jumapili. Nikaanza na lile la mwisho, kwamba labda tumepima uchafu wetu wenyewe. Maji matupu yakasoma 0.05 tena, kwa hiyo si hilo. Jumatatu nikamwomba binti arudie kisima nambari 5, kile cha karibu na mzee wa mashua, ili moyo wangu utulie. Sampuli ilikuwa imebaki kidogo, mililita chache, na chombo chetu kinataka 20. Akazimua mara kumi kwa maji safi yenye asidi, akapima, akaja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, nadhani nimekosea kuzimua. Inasoma 1.5."

Nikamwambia arudie. Akarudia. 1.5. Akarudia mara ya tatu, akilihesabu kila tone. 1.5.

Maji yaliyozimuliwa mara kumi yalikuwa na risasi sawa na maji yasiyozimuliwa. Hapo ndipo niliposhika kalamu na kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kutia utando wa kwanza kwenye bafu.

Hesabu ya nyuma ya bahasha

Duara la milimita 3 lina uso wa sentimita mraba 0.07. Asilimia 0.42 yake ni sentimita mraba 0.0003 za dhahabu. Tabaka moja la risasi juu ya dhahabu hubeba mikrokulombi kama 300 kwa sentimita mraba (kulombi ni kipimo cha chaji ya umeme), kwa hiyo elektrodi yetu nzima, ikijaa pomoni, inabeba nanokulombi kama 90. Basi. Haina nafasi ya zaidi.

Upande wa pili, risasi inakuja kwa kasi gani? Kwa maji yanayokorogwa kama yetu, yenye mikrogramu 10 kwa lita, kundi huvuna kama nanokulombi 3.2 kila sekunde, maana huvuna kama sahani nzima. Gawanya. Inajaa kwa sekunde 28.

Sisi tulikuwa tunasubiri sekunde 180. Kwa muda huo, maji yoyote yenye zaidi ya mikrogramu 1.6 kwa lita yanaijaza elektrodi kabla hatujaanza kuvua, na yote yanasoma 1.6. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikishajaa, ukimwaga pishi nzima juu yake kitakupa kibaba kile kile.

Mimumunyo yetu sanifu iliishia 1.0, chini kidogo ya ukingo, ndiyo maana mstari ulinyooka. Tungeongeza 2 na 5, mstari ungelala chini mbele ya macho yetu.

Binti akazimua nambari 5 mara hamsini. Ikasoma 0.46. Mara hamsini ni 23, zaidi ya mara mbili ya kiwango.

Tulivyoamua usiku ule

Ilikuwa saa tatu usiku. Kijana alitaka tusubiri tuhakikishe kwa njia nyingine kwanza, na hoja yake haikuwa mbaya: maabara inayobadilisha jibu mara mbili kwa wiki haisikilizwi mara ya tatu. Mimi niliona hatari hazilingani. Tukiwa tumekosea sasa, kamati itanunua maji siku chache bila sababu na sisi tutaaibika. Tukiwa tumekosea Alhamisi, kuna watoto wanaokunywa nambari 5 kesho asubuhi kwa saini yangu.

Nikampigia mwenyekiti. Nikamwambia barua ile asiitegemee, na kisima nambari 5 kifungwe usiku huu huu, visima vingine watu wasinywe mpaka nimpe jibu.

"Nambari 5 kina kufuli tangu juzi," akasema. "Nimeitia mimi."

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Nani aniambie? Mzee wa mashua anayeyusha sahani za betri nyuma ya ua wake, anamimina chubwi za nyavu. Kila mtu anaujua ule moshi. Ninyi hamkuuliza."

Hatukuuliza. Tulikuja na ramani, tukatia alama viwanda vya zamani, tukahesabu umbali. Swali la nani katika mtaa wa wavuvi anajitengenezea chubwi zake halikutupitia kichwani. Kama moshi ule na majivu yake ndiyo chanzo, sikuthibitisha. Hatukupima udongo wa ua. Ila mzee aliombwa kwa heshima ahamishe kazi hiyo, naye akaihamisha.

Kati ya barua ya Alhamisi na kufuli ya Jumamosi kuna siku mbili. Watu walikunywa.

Matokeo

Tulipima upya visima vyote kwa sekunde 10 badala ya 180, kila kimoja kwa njia ya kuongeza, na kila kimoja mara mbili: mzima na uliozimuliwa. Visima kumi na kimoja vilikuwa kati ya mikrogramu 2 na 4 kwa lita. Nambari 12 ilisoma 6, nambari 9 ilisoma 9, nambari 5 ikabaki 23. Sampuli tano tulizipeleka kwenye maabara kubwa yenye mashine ya plazma. Nne zilikubaliana nasi vizuri, nambari 5 ikiwa 21 kwao. Nambari 9 haikukubaliana: sisi 9, wao 14.

Uchambuzi

Kosa kubwa nimeshalieleza, lakini nataka kueleza kwa nini lilijificha vizuri namna ile, maana elektrodi za aina hii zinazidi kuwa rahisi na wengine watapita tulipopita.

Kundi la nanoelektrodi lina ukubwa wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kwa kitu kinachokuja, kinatoa elektroni na kuondoka, ukubwa wake ni wa sahani nzima. Kwa kitu kinachokuja na kukaa, ukubwa wake ni wa dhahabu peke yake, mara 240 chini. Ferosini ni mgeni wa kupita. Ilitupima mlango, ikatwambia mlango ni mpana, na ni kweli. Haikutupima sebule. Kipimo cha kukagua elektrodi kinapaswa kufanana na kazi ambayo elektrodi itafanya. Kwa kazi ya kuweka na kuvua, ukaguzi ulikuwa uwe wa risasi yenyewe, ukiongezwa mpaka mstari ulale, ujue ukingo uko wapi.

Hii haina maana kwamba nanoelektrodi hazifai kwa kuweka na kuvua. Kwa sekunde 10 kichuguu ni kidogo kuliko cha sahani iliyosubiri dakika tatu, lakini kelele imepungua zaidi, kwa hiyo bado unashinda, na kazi ya asubuhi nzima inaisha ndani ya saa moja. Ukosefu wa nafasi ni kosa pale tu usipojua kwamba nafasi haipo. Wengine hupaka ncha metali ya bismuthi ili risasi ikae ndani ya tabaka hilo badala ya juu ya dhahabu tupu. Tulilifikiria, tukaona si wakati wa kuongeza kitu kipya kimoja zaidi.

Dalili ilikuwepo kwenye daftari tangu siku ya kwanza, na hii ndiyo inayoniuma. Nilikuwa nimepanga matokeo kwa nambari za visima. Nilipoyapanga upya kwa elektrodi, visima vilivyopimwa kwa elektrodi ya kwanza vyote vilikuwa 1.41 hadi 1.44, vya elektrodi ya tatu vyote 1.66 hadi 1.69. Tofauti zile ndogo nilizodhani ni za ardhi zilikuwa za utando: kila utando una idadi yake ya vitundu vilivyojaa vizuri, na kwa hiyo una kibaba chake. Tulikuwa tumepima elektrodi zetu kwa usahihi mkubwa sana. Mama mwenyekiti alikaribia kulisema hilo kwa maneno yake, kwamba tumepima vitu vyetu wenyewe, akakosea chombo tu.

Njia ya kuongeza, ile aliyoipendekeza kijana nikaikataa, ingetuokoa kwa nusu saa. Ungeongeza risasi kwenye sampuli na kichuguu kisingepanda hata kidogo. Faida yake nyingine katika maji ya Mombasa ni chumvi: kloridi inasogeza mahali pa kichuguu na kubadilisha urefu wake, kwa hiyo mstari uliochorwa kwa maji safi yenye asidi haulingani na kisima cha chai isiyoshikika. Kwa ufupi, tusingepaswa kuutumia mstari ule hata kama ungekuwa na 2 na 5 ndani yake.

Zile elektrodi mbili zilizokufa nazo ziliuawa na chumvi. Ili kuokoa muda, tulikuwa tunazisafisha ndani ya sampuli yenyewe kwa kuzipandisha hadi volti +1.2. Kwenye maji yenye kloridi nyingi, volti za juu namna hiyo huiyeyusha dhahabu. Kwenye sahani ngumu huoni tofauti. Kwenye ncha za nanomita 30, ncha huzama ndani ya plastiki na kazi yako ya barafu ya nguru inakwenda na maji. Sasa husafishwa katika asidi ya salfuriki isiyo na kloridi, na ndani ya sampuli hatuvuki +0.5.

Kilichofaa ni kidogo lakini kilitosha. Asidi ilitiwa kisimani, chupa zilikuwa safi, maji matupu yalipimwa kila asubuhi, na masalio ya sampuli yaliwekwa kwenye friji badala ya kumwagwa. Bila masalio yale binti asingekuwa na cha kuzimua. Siku hizi hakuna nambari inayotoka kwetu bila kupimwa mzima na kuzimuliwa, na kila elektrodi ina kibandiko kinachosema inajaa kwa nanokulombi ngapi.

Inabaki nambari 9. Ni kisima cha matope, na ukitikisa chupa unaona vumbi jekundu. Maabara kubwa huchemsha sampuli na asidi kali mpaka matope yenyewe yanayeyuka, kisha hupima kila kitu. Voltametri huona ile risasi iliyo huru majini tu. Iliyojificha ndani ya chembe za udongo haiji kwenye elektrodi. Kwa hiyo 9 ni kweli na 14 ni kweli, na kiwango cha 10 kimekaa katikati yao. Anayekunywa hamezi maji akaacha matope, kwa hiyo tuliandika 14 kwenye barua ya pili, tukaeleza na 9 ilitoka wapi. Kamati ilikifunga. Mwenyekiti aliuliza kama maji yakichujwa kwa kitambaa na kutulia usiku kucha yatashuka chini ya 10. Binti ndiye anayelipima hilo sasa, kwa chupa sita zilizopangwa dirishani.